Samaki wa mapambo wamekufa wote, muuzaji anasema kosa ni langu. Nani abebe hasara?

MamaNeema_Uyole

Habari za leo wadau. Nipo Uyole, Mbeya. Binti yangu wa darasa la tatu amenisumbua tangu likizo anataka samaki wa kufuga, wale goldfishi wenye mikia mirefu. Jumamosi nikashuka naye mjini, tukaingia duka moja la samaki wa mapambo, tukachukua watatu, elfu nane kila mmoja. Kijana wa dukani akawatia kwenye mfuko wa nailoni, akaujaza hewa, akafunga kwa raba, akatupa na kikopo cha chakula. Neno lingine hakusema. Jumatatu asubuhi mmoja anaelea. Jumatano hakuna aliyebaki.

Nimerudi dukani, kijana ananijibu mbele ya mtoto: "Mama, hapa walitoka wazima, umewaua mwenyewe." Halafu ananionyesha karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi. Elfu ishirini na nne si hela ya kunitoa roho, lakini lile jibu limeniuma. Naomba wenye uzoefu mniambie: mtu akinunua kitu chenye uhai, wajibu wa muuzaji unaishia wapi na wa mnunuzi unaanzia wapi? Na tafadhali asije mtu kuniambia nifuge kuku.

Mzee_wa_Kalobe

Pole mama. Ila chenye roho hakina garantii. Mimi naagiza vifaranga kila mara, vikifa baada ya kusaini ni vyangu, sigombani na mtu. Na samaki ni wa kukaanga bwana, haya mengine ni mambo ya Dar.

Aliyekuwa_Kaunta

Mama Neema, pole sana, mpe pole na binti. Mzee wa Kalobe shikamoo, lakini hapo kwenye garantii sikuungi mkono.

Nimeuza samaki wa mapambo hapa hapa Mbeya kabla sijahamia kwenye vipodozi, kwa hiyo naijua kaunta kwa upande wa ndani. Samaki wengi wa dukani kwetu wanapanda basi kutoka Dar. Wanafungwa kwenye mifuko yenye maji kidogo na oksijeni nyingi, mifuko inapangwa kwenye boksi la povu jeupe gumu, lile la kuhifadhia baridi, wanasafiri zaidi ya kilomita 800 bila kula. Njia nzima wanatoa amonia, yaani taka ya mwili wao, kwenye maji hayo hayo wanayovuta. Kinachowaokoa ni kwamba hewa ya ukaa wanayoitoa inayafanya maji yawe na tindikali kidogo, na kwenye tindikali ile amonia haina makali. Sasa fungua mfuko: hewa ya ukaa inatoroka, tindikali inapungua, amonia ile ile inageuka sumu. Ndiyo maana ukipokea boksi lililosafiri usiku kucha hukai unapiga stori huku mifuko iko wazi. Unawatoa kwa wavu, unawaweka kwenye maji safi, na yale ya mfuko unayamwaga chooni. Halafu unawaacha wapumzike siku kadhaa, uone nani anakula na nani anajikunja pembeni.

Kuna maduka hayasubiri. Boksi linafunguliwa asubuhi, mchana samaki yupo mkononi mwa mteja. Huyo akifa Jumatatu, mimi siwezi kumlaumu mteja.

Lakini na wateja nao! Nilikuwa namuuliza mtu kabla sijashika wavu: tenki lako lina ukubwa gani, maji umeyaweka lini, kuna nani ndani. Ananijibu haraka haraka, "tenki lipo dada, kubwa tu, lina muda." Nikishafunga mfuko na kupokea hela ndiyo ananiuliza, "Kwani na matenki mnauza?" Wanaona ukiwauliza unawanyima samaki, au unataka kuwauzia vitu. Mwingine bajaji inamsubiri nje, haachi simu. Sasa mimi nisiyeijua nyumba yako nitajuaje?

Kwa nini swali la maji umeyaweka lini ni kubwa: samaki anatoa amonia kupitia matamvua saa zote. Kwenye tenki lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo haina shida mpaka iwe nyingi. Bakteria hao wanachukua wiki nne mpaka sita kujijenga kwenye filta. Ukiweka maji Jumamosi na samaki Jumamosi, hawapo. Maji yanaonekana meupe pee, samaki anaungua matamvua. Na goldfishi ndio wachafuzi wakubwa, wanakula kama wageni wa harusi.

Bado klorini, ile dawa ya kuua vijidudu kwenye maji, ambayo kwa samaki ni sumu. Maji ya bomba yakiwekewa klorini, yanatakiwa yalale kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima hivi, au utumie matone ya sodiamu thiosalfeti, yanayoiondoa klorini. Hili muuzaji alipaswa kulisema hata bila kuulizwa.

Mnunuzi kazi yake ni macho. Simama mbele ya tenki la dukani dakika mbili tatu. Je, kuna aliyekufa pale chini? Mapezi yamebana mwilini? Kuna vidoti vyeupe kama chembe za chumvi? Huo ni ugonjwa, na ukimleta mmoja umeleta kwa wote. Anahema juu juu ya maji? Mwambie muuzaji amtupie chakula ukiwa unaona. Asiyekula mbele yako usimbebe. Muuzaji akinuna kwa sababu umemwomba hivyo, toka dukani.

Nje ya mada kidogo: baridi ya huku si tatizo kwa goldfishi, hao ni wa maji ya baridi. Tatizo ni samaki wa maji ya joto kama gapi na beta, wanataka nyuzi 24 mpaka 28. Uyole mwezi wa saba, maji ya sebuleni alfajiri hayafiki hata 18. Bosi wangu wa zamani hakutaka tutaje hita mpaka mteja amalize kulipia samaki, maana bei ya hita inamkimbiza mtu. Matokeo yake kila Juni tulikuwa na foleni ya wenye hasira.

Sasa swali kwako mama Neema, na usinichukie: yule kijana ulimwambia utaenda kuwaweka kwenye nini?

MamaNeema_Uyole

Nikuchukie kwa lipi dada, ndaga fijo kwa maelezo. Nilimwambia sina chombo. Yeye ndiye aliyenishushia bakuli la kioo kutoka rafu ya juu, la mviringo, akasema "hili linawatosha hawa." Elfu kumi na tano. Linaingia kama lita nne. Risiti ninayo, kaandika "bakuli + goldfish 3". Maji nilijaza ya bomba jioni ile ile, yeye hakuniambia lolote kuhusu kuyalaza.

Aliyekuwa_Kaunta

Lita nne! Goldfishi watatu! Basi kijana kajifunga kamba mwenyewe. Goldfishi mmoja akitunzwa anavuka sentimita ishirini na anaishi miaka zaidi ya kumi, anahitaji lita 70 hivi na filta. Kwenye lita nne watatu wanajaza sumu ndani ya siku mbili, na hewa haiwatoshi. Huku juu tulipo, karibu mita 1,700, maji ya joto lile lile yanashika oksijeni kidogo kuliko ya Dar.

Mwanasheria_mtarajiwa_Iringa

Nimeipenda hii mada. Kisheria samaki, kuku na ng'ombe wote ni bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema hivi kwa kifupi: mnunuzi akimweleza muuzaji kitu anakitakia kazi gani, ikaonekana anategemea ujuzi wa muuzaji, na kitu hicho ni cha biashara yake, basi kinachukuliwa kwamba kilipaswa kuifaa kazi hiyo. Upande wa pili, kama mnunuzi alikikagua mwenyewe, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungeionyesha. Yaani macho ni yako, ujuzi ni wake.

Mama Neema alisema hana chombo, akachaguliwa chombo. Samaki wangekuwa na vidoti vyeupe, ningesema angeviona mwenyewe. Kwa bakuli, hapana. Karatasi ya ukutani haiwezi kuifanya lita nne iwatoshe goldfishi watatu. Ila kesi ya elfu thelathini na tisa haimpeleki mtu mahakamani. Nenda na risiti, zungumza na mwenye duka, si na kijana.

Mzee_wa_Kalobe

Kumbe waliuza na bakuli. Nafuta kauli. Mtu akiniuzia banda la vifaranga lisilopitisha hewa, ningemrudia na panga.

Aliyekuwa_Kaunta

Panga liache nyumbani mzee. Mama, usidai samaki wengine wala hela yote, utagombana bure. Omba wapokee bakuli, thamani yake iingie kwenye tenki lenye filta. Liwashe likiwa na maji bila samaki, ulitupie chakula kidogo kidogo kioze, hicho ndicho kinachowalisha bakteria. Binti ndiye awe fundi wa hilo, atazame maji, aandike tarehe kwenye daftari. Samaki wafuate baada ya zaidi ya mwezi, waanze wawili tu.

MamaNeema_Uyole

Mrejesho. Nimeenda na risiti, nikamkuta mwenye duka, mama mtu mzima. Amesoma risiti, akamtazama kijana, kijana akaangalia chini. Bakuli kapokea kwa bei ile ile, ikaingia kwenye tenki la lita 80 lenye filta, nikaongeza tofauti. Kuhusu samaki, kasema nikienda atanipa wawili kwa bei ya mmoja, waliokaa dukani kwake wiki nzima. Neema ameshalitupia chakula tenki tupu, baba yake anadhani tumerukwa na akili.

Mzee_wa_Kalobe

Hiyo tofauti ni shilingi ngapi, mama Neema? Mjukuu amesoma hii mada yote begani kwangu.