Tope la eneo la ujenzi limeziba mfongo wa majirani: tufanye nini kabla masika hayajakolea?

Msimamizi wa Uru

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni msimamizi wa ujenzi wa bweni la wanafunzi huko Uru, juu ya mji wa Moshi, kwenye kiwanja cha takribani nusu hekta chenye mteremko mkali. Chini ya kiwanja, hatua chache kutoka kwenye mpaka wetu, unapita mfongo, yaani mfereji wa jadi wa umwagiliaji, ambao kaya nyingi huutegemea kumwagilia migomba, kahawa na mboga. Mwezi Februari tulileta ekskaveta, ikafyeka na kuchimba kiwanja chote kwa siku tatu, kwa kuwa mwenye mradi alitaka kulipia kodi ya mtambo mara moja tu. Udongo uliotoka tuliurundika upande wa chini, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi.

Tulijua mvua inakuja, kwa hiyo tulisimika nguzo za mti mahali pa chini kabisa, tukatandaza turubai na kulikandamiza kwa viroba vya mchanga. Mvua kubwa ya kwanza ya Machi ilinyesha usiku. Maji yalijaa nyuma ya turubai, nguzo mbili zikang'oka, na yote yaliyokuwa yamezuiwa yakashuka kwa mkupuo mmoja. Asubuhi tuliukuta mfongo umejaa tope jekundu, na vibarua sita walitumia siku mbili kuuzibua.

Nilikwenda pamoja na fundi mkuu kwa wazee wa mfongo, tukiwa na majani ya isale kama desturi ya huku inavyotaka mtu anapoomba radhi. Walitupokea kwa heshima na kutusamehe, lakini wakauliza ni kitu gani kitabadilika kabla ya mvua nyingine, nami sikuwa na jibu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Je, tutafute nguzo za chuma na turubai zito zaidi, au njia yenyewe ndiyo mbaya? Bado tuna Aprili na Mei mbele yetu.

Mhandisi wa Njiro

Ndugu Msimamizi, pole kwa usiku huo, na umefanya vyema kuwafuata wazee mapema. Nimesimamia majengo kwenye miteremko ya Meru, kuanzia Ilboru hadi Moshono, na kosa ulilolieleza niliwahi kulifanya mwenyewe, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Turubai halipitishi maji. Ukilitandaza mahali ambapo maji yote ya kiwanja hukutana, umetengeneza bwawa lisilo na ukuta wa bwawa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu huko kwenu wakati wa masika, ikinyesha juu ya nusu hekta huleta lita 250,000. Hata nusu yake ikizama ardhini, zinabaki lita 125,000 zinazotafuta njia ya kushuka, yaani tani 125. Nguzo za chuma zingechelewesha tu saa ya kubomoka, na wakati huo maji yangekuwa mengi zaidi.

Nikiwa mahali pako ningeanza juu ya kiwanja. Maji mengi yanayopita kwenye udongo wako uliochimbwa hayakunyesha hapo, bali yametoka kwenye mashamba na barabara iliyoko juu. Chimba mtaro kando ya mpaka wa juu, uwe na mteremko mdogo sana ili usijichimbe wenyewe, uyapitishe maji hayo safi pembeni ya kiwanja. Mahali unapoishia patandikwe mawe, na uhakikishe hapamwagi maji kwenye shamba la jirani, maana wapo watu niliowaona wakihamisha tatizo kutoka kwao na kulipeleka kwa mjane wa nyumba ya pili.

Kisha fupisha mteremko. Wischmeier na Smith, watafiti wa Marekani waliotunga fomula ya kukadiria upotevu wa udongo, walionyesha kwamba kwenye mteremko mkali, urefu wake ukiongezeka mara mbili, udongo unaopotea kwa kila mita ya mraba huongezeka kwa takribani asilimia 40. Maji yanayoshuka bila kuvunjwa nguvu hukusanya kasi, na kasi ndiyo inayochimba. Kwa hiyo tengeneza makinga maji, yaani matuta ya udongo yanayofuata kontua (mstari wa mahali penye kimo kimoja), katikati ya kiwanja, kama wakulima wafanyavyo. Huhitaji mpima ardhi, kwani ule mpira wa maji ambao mafundi wako wanautumia kusawazishia msingi unatosha kabisa kutafutia kontua.

Kizuizi cha kitambaa kina nafasi yake, ila kiwe kile kinachopitisha maji polepole, ambacho kwenye maduka ya vifaa vya barabara huitwa jiotekistaili. Kifuate kontua, ncha zake mbili zikipindwa kuelekea juu ili maji yasizunguke pembeni. Ukingo wa chini ufukiwe kwenye kijifereji cha sentimita 15 na kushindiliwa vizuri, la sivyo maji yatapita chini yake tangu siku ya kwanza. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba kila mita 30 za kizuizi zisipokee maji ya eneo linalozidi sehemu moja ya kumi ya hekta, kwa hiyo wewe unahitaji mita 150 hivi. Usikipitishe kamwe kwenye mkondo au bonde ambalo maji hukusanyika. Tope likifikia theluthi ya kimo chake, lizolewe.

Mahali pa chini kabisa, ulipoweka turubai, panahitaji bwawa la kutuamisha tope. Makadirio yanayotumika sana Marekani ni mita za ujazo 250 hivi kwa kila hekta, na kwako zinatosha 125, kwa mfano shimo lenye urefu wa mita 20, upana wa mita 5 na kina cha mita 1 na robo. Liwe refu kuliko upana, maji yaingilie upande mmoja na kutokea upande wa pili, ili yapate muda wa kutulia.

Lakini usilitegemee bwawa kupita kiasi, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mchanga huzama kwa sekunde chache. Vumbi laini la udongo huhitaji saa kadhaa kushuka mita 1. Udongo wa mfinyanzi huelea kwa siku nyingi, na rangi nyekundu mnayoiona kwenye mfongo ni huo mfinyanzi. Hakuna shimo utakalolichimba Uru litakaloukamata wote. Dawa yake ni kutouruhusu ung'oke, yaani kuufunika udongo kabla tone la mvua halijaupiga. Kwa kuwa mmeshafungua kiwanja chote, funikeni kila sehemu ambayo hamtaifanyia kazi wiki hii. Mwakani, kwenye mradi mwingine, mshawishi mwenye mradi afungue vipande kwa vipande, hata kama mtambo utakodiwa mara mbili.

Na lile turubai lisitupwe. Mahali pake ni juu ya rundo la udongo, baada ya kulihamishia rundo lenyewe upande wa juu.

Mama Kitalu

Mhandisi ameeleza vizuri, ila sikubaliani naye kuhusu kitambaa. Nimeishi Kibosho miaka mingi, na nimeokota vitambaa vya namna hiyo kwenye mitaro baada ya majengo kukamilika na mafundi kuondoka. Mwanangu Msimamizi, panda vetiva, ile nyasi ya kuzuia udongo. Mizizi yake hushuka wima zaidi ya mita 2, haitambai kwenda kwenye shamba la jirani, na ile inayopandwa kwa kuzuia udongo haisambai kwa mbegu, kwa hiyo hakuna atakayekulaumu kwamba umemletea magugu. Panda vichipukizi kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja usiokatika, kwa kufuata kontua. Pengo moja tu kwenye mstari hugeuka mlango wa maji. Kwenye mpaka ongeza masale, ambayo yanashika udongo na kuonyesha mpaka kwa pamoja, jambo ambalo babu zetu walilijua bila kufundishwa na mtu.

Mhandisi wa Njiro

Mama Kitalu, shikamoo. Kuhusu vitambaa vinavyoachwa una haki ya kulalamika, na kwenye mikataba yangu ya sasa kuviondoa ni sehemu ya kazi ambayo fundi halipwi mpaka aikamilishe. Vetiva naiunga mkono kwa moyo wote kwa ajili ya kingo za kudumu. Tatizo ni muda. Mstari uliopandwa leo unahitaji miezi kadhaa kabla haujaungana na kuwa ukuta wa majani, na mvua ya Aprili haitasubiri. Ipandwe sasa ili ishike wakati ardhi ina maji, huku vizuizi vya muda vikiilinda.

Mkulima wa Mabogini

Nawasoma nikiwa chini kabisa ya mteremko huo, kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, nami naomba mjue jinsi jambo hili linavyoonekana kutoka huku. Maji ya Mto Rau ndiyo yanayotulisha. Tope likija, huanza kutua mahali maji yanapopoteza kasi, na maji hupoteza kasi kwenye mifereji yetu. Sisi ndio tunaoshuka na majembe kuizoa. Mfereji uliopungua kina hupitisha maji kidogo, na anayekosa zamu ya maji ni yule mwenye shamba la mwisho, ambaye hata hajui kwamba Uru kuna bweni linajengwa.

Nimewahi kuambiwa na kontrakta mmoja kwamba tope ni mbolea na tunapaswa kushukuru. Naomba maneno hayo yasirudiwe. Udongo wa juu una rutuba, ndiyo, lakini kilichochimbwa kwenye msingi wa jengo ni udongo wa chini usio na mboji, na ukitua juu ya miche ya wiki mbili huifunika ikaoza. Safari ya tope haiishii kwetu pia. Maji haya huendelea hadi Kahe na Mto Ruvu, kisha huingia katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako kila ndoo ya udongo inayozama huchukua nafasi ya maji, na bwawa hilo lina wavuvi na mitambo ya umeme ya megawati 8.

Kwa vile nimelalamika, niseme pia ninachoweza kusaidia. Mhandisi amesema mfunike udongo. Baada ya mavuno huku kwetu kuna majani makavu ya mpunga, ambayo baadhi ya wenzangu huyauza kama malisho na wengine huyachoma moto. Njoo na lori tuelewane bei. Kwa nusu hekta itakubidi upate zaidi ya tani 2 ili ardhi ifunikwe kweli, isiwe ya kuonekana kwa macho ya mkaguzi tu.

Msimamizi wa Uru

Mzee wangu wa Mabogini, shikamoo, na nimeyapokea maneno yako. Nimesoma majibu yote pamoja na fundi mkuu, tena mara mbili. Mtaro wa juu tulianza kuuchimba jana na umefika nusu. Rundo la udongo linahamishwa kwa mikokoteni kwa sababu mwenye mradi amekataa kuirudisha ekskaveta, lakini amekubali kulipia majani ya mpunga, kwa hiyo nitakuja Mabogini siku ya Alhamisi. Mama Kitalu, nitaomba vichipukizi vya mita 80 kwa kuanzia, kwenye ukingo wa chini.

Yamebaki mambo mawili yanayonisumbua. Bwawa litakuwa mita chache tu juu ya mfongo. Je, kuna hatari likapasuka kama turubai? Na tope tutakalolizoa tulipeleke wapi, ikiwa kiwanja chote kiko kwenye mteremko?

Mhandisi wa Njiro

Hatari ipo usipoliwekea njia ya dharura. Shimo liwe limechimbwa ndani ya ardhi kadiri inavyowezekana, badala ya kujengewa tuta refu la udongo uliojazwa, kwa sababu ardhi ambayo haijaguswa haipasuki kirahisi. Kwenye ukingo mmoja acha sehemu pana iliyo chini kidogo kuliko kingo nyingine, itandikwe mawe makubwa, ili mvua ikizidi maji yapite hapo yakiwa yametandaa. Maji ya kawaida yatoke kwa bomba lililo juu, karibu na uso wa maji ambako ni safi zaidi, kamwe yasitolewe chini. Lizungushie uzio, kwa kuwa watoto hupita kwenye njia za mifongo wakienda shule, na shimo la maji la zaidi ya mita 1 ni hatari kwao.

Tope lililozolewa lipelekwe juu, si chini. Lianike nyuma ya moja ya makinga maji, likikauka lichanganywe kwenye udongo wa kujazia kuzunguka msingi. Lizoeni tope likifika nusu ya bwawa, maana bwawa lililojaa tope ni sawa na kutokuwa na bwawa.

Kuna mambo mawili hukuuliza. Maji ya kuoshea mashine ya zege na makarai yana sumu ya saruji inayounguza mimea na kuua samaki, kwa hiyo yachimbiwe shimo lake, yasiingie hata kwenye bwawa hili. Na pale malori yanapotokea barabarani tandika mawe ya sentimita 5 hadi 8, unene wa sentimita 15, kwa urefu wa mita 15 hivi, ili magurudumu yaache tope ndani. Usitumie moramu hapo, kwa kuwa baada ya wiki moja nayo itakuwa tope. Kama mradi una cheti cha mazingira cha NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, soma masharti yake, kwa maana udhibiti wa tope kwa kawaida umo, na kama kuna mto karibu kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Bwawa likikamilika, waite wazee wa mfongo walione likiwa bado tupu, na umwombe mmoja wao akupigie simu usiku wowote atakapoona maji ya mfongo yamebadilika rangi. Yeye ataliona tatizo kabla yako.