Mrejesho: Miguu kuwa mizito ninapotoka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia

Ndugu wanamichezo, niliwauliza kwa nini, katika maandalizi yangu ya triathloni ya kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za kukimbia, miguu hugeuka magogo mara ninaposhuka kwenye baiskeli, ilhali siku za kukimbia tu sina shida. Nawashukuru kwa dhati mlionishauri niunganishe mazoezi hayo mawili. Sasa kila Jumamosi alfajiri, kabla malori hayajajaa barabara ya Moshi kwenda Himo, naendesha baiskeli, na dakika za mwisho naweka gia nyepesi ili miguu izunguke haraka, kisha navaa raba na kukimbia papo hapo kwa dakika 15, kwa hatua fupi, bila kufukuzia kasi. Uzito bado upo mwanzoni, lakini unaachia mapema zaidi. Aliyesisitiza ninywe maji yenye sukari na chumvi kidogo nikiwa bado juu ya baiskeli alikuwa sahihi kabisa, hasa kwa joto la Moshi la Februari.

Limebaki suala la kuogelea: aliyezoea maji ya wazi anieleze namna ya kushika mwelekeo pasipo ule mstari wa chini ya bwawa.