Roboti za kuingia kwenye damu, betri inakaa wapi?

mwaka_wa_pili: Wakuu habari zenu. Nasoma uhandisi wa umeme na nimekuwa nafuatilia kazi za profesa Sylvain Martel wa Polytechnique Montréal kule Kanada, yule wa roboti za tiba. Sasa kila nikipiga hesabu nakwama, kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, ina upana wa mikromita (elfu moja ya milimita) 5 hadi 10 hivi, betri unaweka wapi, mota unaweka wapi? Au ni roboti kwa jina tu? Nauliza kwa nia njema, nataka nije nisomee haya mambo.

fundi_sumaku: Betri haipo mkuu, nguvu inatoka nje ya mwili. Martel na wenzake walichukua MRI, mashine ileile ya kupiga picha, wakaitumia kusukuma na kuangalia kwa pamoja, na 2007 wakatangaza kwamba wameendesha kigololi cha chuma cha milimita 1.5 kwenye mshipa wa shingo wa nguruwe aliye hai. Hiyo kazi mimi naiheshimu sana. Shida inakuja ukitaka kudogosha, maana mvuto wa sumaku unafuata ujazo: kipenyo ukikigawa kwa 10 mvuto unashuka mara 1000 wakati ukinzani wa kimiminika unashuka mara 10 tu, kwaio kigololi kinabaki kinasota palepale.

Neema_maabara: Naongezea hapo. Kwa udogo ule maji yanakuwa mazito kama asali, ukiacha kusukuma unasimama papo hapo. Mwanafizikia Purcell alilieleza 1977, kwamba kiumbe cha kufungua na kufunga tu kama chaza kitaenda mbele kirudi nyuma kilekile, hakifiki popote. Ndo maana bakteria wanazungusha mkia kama skrubu, na kina Bradley Nelson kule chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wakatengeneza vimkia vya hivo vinavyozungushwa na sumaku.

Martel yeye akasema kama bakteria anayo mota tayari kwa nini nihangaike kutengeneza nyingine? Akamchukua MC-1, bakteria wa baharini mwenye mnyororo wa chembe za sumaku mwilini na anayependa sehemu zenye oksijeni kidogo sana. Kila mmoja akabebeshwa vifuko vya dawa kama 70. Sumaku inawaelekeza mpaka kwenye uvimbe, wakishafika wanajitafutia wenyewe kule katikati kusiko na oksijeni. Matokeo yalitoka 2016, kwenye panya, na hadi asilimia 55 ya bakteria walipenya mpaka huko ndani.

binti_wa_mama: Mimi si injinia ila hiyo ya oksijeni imenigusa. Nilimuuguza mama, kemo ilimtoa nywele, vidonda mdomoni, kula hawezi, na uvimbe ukabaki. Daktari alituambia katikati ya uvimbe damu haifiki vizuri kwaio na dawa haifiki, na mionzi nayo inataka oksijeni ili iue vizuri. Nilikaa na hayo maneno miaka. Kumbe kuna mtu anapalenga palepale.

mwaka_wa_pili: Pole sana dada. Asanteni wote, nilikuwa nabishana na betri kumbe swali lilikuwa lingine. Neema, kwa binadamu bado nini?

Neema_maabara: Panya ni mdogo, koili za sumaku zinamzunguka kirahisi. Mtu mzima uvimbe upo ndani sana, lazima uwaone bakteria walipo huku unawaelekeza, tena kinga ya mwili isiwavamie wala wasimdhuru. Soma sumaku-umeme na mekanika ya vimiminika, halafu biolojia usiikimbie.