Nyumba ya mama imechorwa X nyekundu, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Kisumu, upande wa Manyatta. Mama ana ploti yenye vyumba vya kupangisha, na mbele kabisa kuna kibanda cha mabati anachouzia omena na mboga. Juzi walikuja watu wa ofisi fulani, wakachora X kwenye ukuta wa vyumba, wakamwachia barua ya Kiingereza inayosema jengo libomolewe kwa sababu limeingia kwenye hifadhi ya barabara. Jengo lipi? Kibanda ndicho kimetoka nje, hata mimi nakiona. Lakini rangi iko kwenye vyumba, na wapangaji wawili tayari wanatafuta kwingine.

Nimesoma kwamba chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, aliyepewa notisi ya utekelezaji (yaani amri ya kuondoa au kurekebisha ujenzi uliokiuka sheria) ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti. Sasa barua hii haitaji kifungu chochote. Nihesabu hizo siku 14 au hii ni notisi ya aina nyingine?

Pili, nianze na sorovea (mpima ardhi) athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka ya ploti, au niende kwa wakili moja kwa moja? Pesa hazitoshi wote wawili.

Jirani anasema tubomoe kibanda wenyewe, angalau tuokoe mabati na mbao. Mama hataki kusikia. Je, tukibomoa, itachukuliwa kwamba tumekubali makosa hata kwa vyumba?