Kitengela hadi Westlands kila siku: Expressway, Mombasa Road ya chini au Southern Bypass?

Jirani_wa_Kitengela
Hamjambo wakuu. Jumatatu ya wiki ijayo naanza kazi mpya Westlands, baada ya miaka sita ya kufanyia kazi Industrial Area. Nakaa Kitengela. Naombeni ushauri: nipande Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia hapa Nairobi, kila siku, nivumilie Mombasa Road ya chini isiyolipiwa, au nizunguke na Southern Bypass? Mwenzangu ameniambia ninunue kile kifaa cha kubandika kiooni ili nisipange foleni ya pesa taslimu. Sitaki kununua kifaa halafu nigundue barabara yenyewe siitumii. Asanteni.

Dereva_wa_Alfajiri
Karibu, lakini hujatupa cha kushauria. Unaripoti saa ngapi? Westlands ipi, upande wa Chiromo, wa Parklands, au karibu na Kangemi? Gari gani? Na jioni una mtoto wa kuchukua shuleni au uko huru? Anayeingia kazini saa mbili na anayeingia saa nne hawaulizi swali moja.

MamaWawili
Wakati tunamngoja, mimi niseme ninayoyajua. Napita njia hiyo tangu Expressway ifunguliwe Mei 2022. Nilianza nikilipa shilingi 360 kutoka Mlolongo, inakoanzia, hadi Westlands kwa gari dogo. Januari 2024 ikawa 500. Kwenda na kurudi ni elfu moja, siku 22 za kazi ni 22,000. Kwa bei ya zamani ilikuwa 15,840. Hiyo tofauti ya 6,160 ndiyo ilikuwa ikinunua maziwa ya nyumba yangu mwezi mzima, kwa hivyo niliisikia vizuri sana.

Nilichofanya ni hiki: asubuhi napanda juu, jioni narudi chini. Asubuhi nikichelewa kuna mtu ananiandika kitabuni. Jioni nikichelewa, chakula kitanisubiri.

Bypass_Pekee
Kwa nini watu wanakimbilia kulipa wakati Southern Bypass ipo na ni bure? Njia mbili kila upande, unapita ubavuni mwa mbuga, unatokea Lang'ata, unashukia Ngong Road, unakata kwa James Gichuru hadi Waiyaki Way. Nimeipita miaka mingi na sijutii.

Dereva_wa_Alfajiri
@Bypass_Pekee wewe unakaa wapi? Maana kwa mtu wa Kitengela, Southern Bypass inaanzia baada ya Cabanas. Ukifika pale umeshakula foleni ya Mlolongo, umekula ya Syokimau, umekula ya njia panda ya uwanja wa ndege. Sehemu mbaya yote iko nyuma yako. Halafu uende Ngong Road ukaanze foleni nyingine? Kwa mtu wa South B sawa. Kwa huyu ni kumzungusha.

Bypass_Pekee
Nakaa South C. Lakini hoja yangu inabaki. Si kila asubuhi Mlolongo imefungana.

MamaWawili
Kila asubuhi, ndugu yangu. Kila asubuhi isipokuwa shule zikifungwa.

Fundi_Giaboksi
Kabla hujapanda juu, kagua gari. Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka jana nilikuwa natoka Mlolongo na familia, tunaenda arusi Limuru. Wiki hiyo mekanika mmoja alikuwa amenibadilishia themostati, na mimi, ambaye kazi yangu ni giaboksi, sikufungua boneti kuhakiki kazi ya mwenzangu. Chini Mombasa Road gari lilikuwa sawa kabisa. Juu nikashika 80 moja kwa moja, bila kupumzika, na tulipopita usawa wa Nyayo Stadium geji ya joto ikaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi. Ikapanda. Nikawasha hita ili nitoe joto kwenye injini, watoto wanalia kwa moto. Ikapanda.

Tatizo la kule juu ni kwamba huna pa kwenda. Chini ungejitupa petroli stesheni yoyote. Juu una ukingo wa saruji kushoto na magari kulia. Nilisimama nikiwa nimegusa ukingo, nikawasha taa zote nne, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria ya githeri. Na pale ndipo nilijua daraja lile linatikisika: kila basi likipita unahisi lami inapanda na kushuka chini ya viatu. Mke wangu amemkumbatia mdogo, mkubwa nimemshika mkono, tumejibana ukingoni. Ukichungulia chini unaona paa za matatu Uhuru Highway, na abiria kwenye mabasi wanatutazama.

Gari la kuvuta lilikuja na kutushusha, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini arusi tulifika wakati wa kukata keki. Rejeta ilikuwa na hewa, haikutolewa pale themostati ilipofungwa. Kazi ya dakika kumi. Tangu siku hiyo gari likitoka mikononi mwa fundi yeyote, naliendesha siku tatu njia za chini kwanza.

Jirani_wa_Kitengela
Pole sana Fundi, na asante. Samahani wakuu nilikuwa kazini. Gari ni Mazda Demio, 1300. Kazi ni saa mbili kamili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ofisi iko upande wa Parklands, na kuna pa kuegesha bure. Sina mtoto wa kuchukua. Mshahara umepanda kwa 18,000.

Dereva_wa_Alfajiri
Basi hesabu imejisema. Nyongeza ni 18,000 na barabara ya kwenda na kurudi ni 22,000, kabla hujaweka mafuta. Umepandishwa mshahara ili uulipe barabarani.

Mimi ningeamka. Ukipita Mlolongo kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, barabara ya chini inakupeleka bila senti. Lala saa tatu usiku, mwili utazoea.

TreniTu
Hakuna aliyetaja treni! Acha Demio Syokimau, panda treni hadi stesheni kuu mjini, kisha matatu ya Westlands. Treni ya Syokimau iko tangu 2012 na watu bado wanajifanya hawaioni. Unasoma gazeti, unafika mguu haujauma kwa klachi.

MamaWawili
@TreniTu mwanamke anayeshuka mjini na kuvuka barabara ya Haile Selassie na mkoba begani jioni ana hesabu nyingine. Mimi sikurudi tena.

Bypass_Pekee
Ambacho hakuna anayekisema ni kwamba ile barabara si yetu. CRBC, kampuni ya ujenzi ya Wachina, imeijenga kwa pesa zake na itakusanya malipo miaka 27. Ndiyo maana shilingi ilipoanguka mbele ya dola, bei ikapanda kutoka 360 hadi 500. Mshahara wako unalipwa kwa shilingi, barabara inahesabiwa kwa dola. Ukijizoesha leo, kesho ikipanda tena utafanya nini?

Fundi_Giaboksi
Hapo nakuunga mkono. Na miti? Mombasa Road na Uhuru Highway zilikuwa na kivuli. Kilichopona ni ule mugumo wa Waiyaki Way, na ulipona kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta Novemba 2020, baada ya watu kupiga kelele. Nikipita pale napunguza mwendo niutazame. Mama yangu alitufundisha mugumo haukatwi hivi hivi.

Dereva_wa_Alfajiri
Usipunguze mwendo barabara ya kasi, mzee wangu! Mei hiyo hiyo ya 2022 Expressway ilipofunguliwa, gari lilivamia foleni pale kituo cha Mlolongo. Watu wanatoka kwenye mwendo wa 80 hawakumbuki kwamba mbele kuna kizuizi na magari yamesimama.

Mpwani_London
Nasoma haya nikiwa London na naona hamjui bahati yenu. Nyinyi ya chini ni bure. Huku tarehe 7 Aprili 2025 lilifunguliwa handaki la Silvertown chini ya mto Thames ili kupunguzia mzigo handaki la zamani la Blackwall, lile la 1897. Siku hiyo hiyo Blackwall nalo likaanza kulipiwa. Kwa hivyo ukikwepa hili, la pili linakudai. Gari dogo ni pauni 4 saa za msongamano, na 1.50 saa nyingine ikiwa umejisajili kulipa moja kwa moja. Bure ni saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi.

Wala hakuna kizuizi. Kamera inasoma namba ya gari na una hadi usiku wa manane wa siku ya tatu baada ya kuvuka kulipa mwenyewe. Mwezi wa kwanza mama yangu mkwe alikuwa amelazwa, nilivuka kumwona kila siku na malipo yakanitoka akilini. Barua ya kwanza ilisema 180, au 90 nikilipa ndani ya siku 14. Zilikuja tatu. Kwa hivyo dada au kaka Jirani, ukiamua kupanda, chukua kifaa. Jambo la kila siku lisikae kichwani.

MamaWawili
Kifaa ni kizuri, kizuizi kinafunguka unapokaribia. Lakini jueni kinakupitisha haraka langoni tu. Foleni ya kushuka Westlands ile ya saa moja na nusu asubuhi haijui nani ana kifaa na nani ameshika noti. Kuna siku nimetoka Mlolongo hadi karibu na Westlands kwa dakika ishirini, halafu nikakaa kwenye mteremko wa kutokea dakika hizo hizo, namtazama mwenye Probox aliyekuja na njia ya bure akinipita.

Jirani_wa_Kitengela
Hilo sikulijua kabisa. Nilikuwa nimepanga nijaribu njia Jumapili.

Dereva_wa_Alfajiri
Jumapili itakudanganya. Omba ruhusa nusu siku, ujaribu Alhamisi asubuhi.

EPZ_Asubuhi
Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi natoka Athi River, karibu na eneo la viwanda la EPZ, saa kumi na mbili kasoro robo, nafanya kazi Parklands pia. Napanda juu siku zote kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, siwezi kutoka mapema zaidi. Tunagawana malipo na jirani mmoja lakini amehamishiwa Nakuru mwezi huu. Kama unaweza kuacha Demio kwangu, 500 ya asubuhi inakuwa 250 kila mtu.

Jirani_wa_Kitengela
@EPZ_Asubuhi nimekutumia ujumbe. Jioni unatoka saa ngapi? Na una nafasi ya mtu mmoja au wawili? Hapa plotini kuna binti anayeshukia Chiromo.

TreniTu
Treni haina shida ya nafasi.