Mjadala: Je, kiongozi mstaafu abaki kuwa mlezi wa aliyempokea kijiti?

Mleta hoja:

Ndugu wanajukwaa, kila anapopatikana kiongozi mpya husikika hoja kwamba ni lazima awepo mzee wa kumshika mkono ili asiyumbe. Sina ugomvi na hoja hiyo. Ninachopinga ni mazoea ya kumwachia mlezi madaraka juu ya anayemlea, kwa sababu mlezi mwenye rungu mkononi ni mkuu wa kazi, hata tukimwita mzee kwa heshima zote.

Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 na kumwachia Mzee Mwinyi, alibaki na uenyekiti wa CCM hadi 1990, wakati ambapo chama ndicho kilichoshika hatamu. Ni kweli kwamba Mzee Mwinyi alithubutu: mwaka 1986 serikali yake ilifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, jambo ambalo mtangulizi wake alilikataa kwa miaka. Hata hivyo, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyomkataza kiongozi kuwa na hisa au nyumba za kupangisha, hayakulegezwa mpaka Februari 1991, kule Zanzibar, miezi michache tu baada ya Mwalimu kukabidhi kiti. Siamini kwamba tarehe hizo zilifuatana kwa bahati.

Mzee Mkapa alilelewa kwa njia nyingine, yaani kwa kupewa kazi: uhariri wa magazeti ya chama na ya serikali, uandishi wa habari wa Rais mwaka 1974, uwaziri wa mambo ya nje mwaka 1977. Alipoingia Ikulu mwaka 1995, Mwalimu akiwa amemuunga mkono waziwazi, mlezi huyo hakuwa na kiti chochote juu yake, na serikali ya Mkapa ikabinafsisha hata mashirika yaliyotokana na utaifishaji wa mwaka 1967.

Mimi mwenyewe niliwahi kupokea uenyekiti wa chama kidogo cha akiba na mikopo. Aliyenitangulia alinikalisha jioni tatu mfululizo, akanifundisha kusoma taarifa ya mkaguzi ukurasa kwa ukurasa, na hadi leo namshukuru. Lakini sahihi yake ilibaki benki kwa mwaka mzima, kwa hiyo kila hundi niliyoiandika ilikwenda kwanza nyumbani kwake, na wanachama, ambao si wajinga, wakaanza kupeleka maombi ya mikopo huko huko.

Mchangiaji kutoka Nakuru:

Mleta hoja, umetazama cheo ukaisahau sauti. Mwaka 1993 Bunge lenu lilipopitisha azimio la kutaka serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, Mwalimu hakuwa na cheo chochote, na bado alipolipinga lilizimika. Kwetu Kenya, Mzee Moi alimteua Uhuru Kenyatta kuwa mbunge na waziri mwaka 2001, kisha mwaka 2002 akamnadi awe mrithi wake. Watu wakamwita mradi wa Moi, na Kibaki akashinda kwa kishindo. Uhuru alihitaji miaka kumi na moja kuingia Ikulu, na hapo hakuingia kwa mkono wa Moi. Kwa maoni yangu, mlezi hudhuru zaidi anapompendelea mwanafunzi wake hadharani kuliko anapong'ang'ania kiti.

Mleta hoja:

Nakubali kuhusu mwaka 2002. Huo ni upande ambao sikuupima. Kuhusu 1993 sikubali, kwa kuwa Mwalimu alisema hadharani na kuandika kitabu, na mbunge yeyote aliweza kumjibu kwa hoja. Aliyenitangulia mimi hakuhitaji kujenga hoja yoyote, maana alitosheka kuikalia hundi bila kuisaini. Sasa naomba mnijibu hili: chama chenu kikibadilisha uongozi, sahihi ya anayeondoka hufutwa benki siku ya makabidhiano, au huachwa kwanza kwa kumwonea haya mzee?