Kipindi cha TV kimewaharibia machalii wetu wa Chuga (Arusha) alafu mnawatukana wao!

Wakuu nimeshindwa kunyamaza. Toka Jumamosi mnasambaza ile klipu ya wale machalii wawili wachekeshaji wameganda jukwaani, na kila mtu kageuka jaji, mara hawana kipaji, mara wakauze mitumba soko la Kilombero. Mimi nilikuwepo ukumbini na mlichoonyeshwa ni robo tu.

Igizo lao hapa Arusha tunalijua. Konda wa kifodi, zile daladala ndogo za hapa, na bibi wa Tengeru aliyepanda na mkungu wa ndizi. Konda anadai nauli ya mkungu, bibi anasema kama unalipiwa basi nao upewe siti, anaukalisha dirishani, anaufunga kanga, konda akiugusa anaambiwa "muache mwenzio apumzike". Nimeona watu wazima wanalia machozi kwenye harusi kwa hilo igizo. Sasa mchana kwenye mazoezi prodyuza kawaambia hiyo ya vifodi watu wa mikoa mingine hawataielewa, itoeni, fanyeni ya mke na mume wanagombania simu, tena fupi. Masaa machache kabla ya kupanda! Marehemu King Majuto katoka Tanga na Utanga wake wote na nchi nzima ikamuelewa, nani alimwambia autoe?

Alafu maiki ya mmoja ikafa mwanzoni tu, nimemuona kwa macho yangu anaigonga gonga kifuani, fundi anaangalia pembeni, wakaanza kupokezana maiki moja, sasa huo ni ugomvi gani wa mke na mume mnaongea kwa zamu kama mkutano wa kijiji? Na wamepangwa kabla tu ya msanii wa bongofleva, watoto waliojaa mle wamemfuata yeye na walishaanza kuliita jina lake hata hawa hawajafungua mdomo.

Na hii kitu ina historia. Marekani tarehe 9 Februari 1964, kipindi cha Ed Sullivan, Mitzi McCall na Charlie Brill, mke na mume wachekeshaji, walipangwa usiku uleule Beatles, ile bendi ya Waingereza, wanatokea pale mara ya kwanza, watu kama milioni 73 wanaangalia. Baada ya mazoezi Sullivan akawaambia wabadilishe igizo, haliwafai mabinti waliojaa ukumbini. Wakapanda, wakaambulia vicheko vichache tu, mabinti wanawataka Beatles tu. Miaka 60 na ushee imepita na watu wa TV wanarudia makosa yaleyale!

Kilichoniuma zaidi ni MC, hawajashuka hata ngazi kashika maiki anauliza "jamani hawa nani kawaleta?" Nyie ndio mmewaleta! Mmewapigia simu wenyewe, alafu mnakata sekunde 40 mbaya kuliko zote mnaweka kwenye peji yenu na vikatuni vya kucheka.

Kama kuna mhusika wa kipindi humu aweke video nzima, na maiki ikifa ionekane. Na posho mliyowaahidi hao vijana wapeni, mpaka leo wakipiga simu wanaambiwa bosi yuko kikaoni.